Nishi: riziki ya nyoka na umbo la kichwa chake

Nishi ni istilahi ya ikolojia inayotaja jinsi kiumbe anavyojipatia riziki mahali anapoishi: anakula nini, anakipataje, wakati gani, na anashindana na nani. Asili yake ni Kifaransa, kwa maana ya uwazi ukutani wa kuwekea sanamu au pambo, yaani kidaka cha nyumba za mawe za Lamu. Joseph Grinnell wa Marekani aliitumia katika makala yake ya mwaka 1917; mwaka 1927 Mwingereza Charles Elton akatilia mkazo suala la chakula.

Tukiifasiri “nafasi ya kiikolojia”, msomaji atawaza mahali tu, na mahali tayari pana istilahi yake: makazi. Tofauti hiyo inaonekana wazi katika vichaka na mashamba ya Singida, ambako nyoka wa aina nyingi wana makazi mamoja lakini nishi mbalimbali.

Kifutu ana kichwa kipana chenye tezi kubwa za sumu na meno marefu yanayojikunja kinywani. Hujibanza akavizia panya, akamuuma, kisha akammeza mzima. Nyoka mla mayai ana kichwa kidogo na karibu hana meno. Humeza yai zima, miiba ya pingili za shingo yake ikalipasua, akanywa ute na kiini na kutapika ganda. Nyoka kipofu, aishiye chini ya ardhi, ana kichwa butu cha kupenyea udongo na kinywa kidogo kinachotosha mayai na mabuu ya sisimizi na mchwa. Kwa kuwa hawagombei chakula kimoja, wote watatu huweza kuishi jirani. Hali hiyo ndiyo mgawanyo wa nishi.

Hata hivyo, umbo la kichwa lisitumiwe kupimia sumu. Koboko ana kichwa chembamba na sumu yake huua upesi. Mla mayai hana sumu, lakini akitishwa hutanua kichwa afanane na kifutu, na wengi humuua bure.

Kwa waandishi wa vitabu vya shule, ushauri wangu ni huu: tumieni nishi, na maelezo yake yaanze na riziki ya kiumbe kabla ya mahali anapoishi.