Kumbukumbu ya Ajali Ndani ya Kompyuta ya Gari: Historia ya Upimaji wa Kielektroniki hadi Rusizi

Wilaya ya Rusizi, ambayo hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, iko kwenye kona ya kusini-magharibi ya Rwanda, pale Ziwa Kivu linapomwaga maji yake katika mto Rusizi na mji wa Kamembe unapopakana na Bukavu ya Kongo. Gari linalotoka Kigali kwenda huko hupita Huye, hupanda Kitabi, kisha hukata msitu wa Nyungwe kwa barabara yenye kona nyingi, ukungu na utelezi, na malori ya saruji kutoka kiwanda cha CIMERWA cha Bugarama, kilichoanza uzalishaji mwaka 1984, huipanda njia hiyo yakiwa yamelemewa na shehena. Katika mazingira kama hayo kazi ya kutengeneza magari yaliyogongwa haikauki, na historia yake ina vipindi viwili: kile ambacho madhara yote ya ajali yalionekana kwa macho na kuguswa kwa mkono, na hiki cha sasa ambacho sehemu kubwa ya madhara hayo imejificha ndani ya visanduku vya kielektroniki ambavyo kwa nje havina hata mkwaruzo.

Katika kipindi cha kwanza, cha akina Peugeot 504 na Toyota Hilux za miaka ya 1970 na 1980, injini ilipata mafuta kwa kabureta au kwa pampu ya dizeli isiyo na umeme mwingi, na breki zilisukumwa kwa mafuta peke yake. Fundi wa bodi alinyoosha bati kwa nyundo, akalivuta kwa mnyororo, akapiga puti, akasugua kwa msasa na kupaka rangi, na kazi ilihesabiwa kuwa imekwisha pale milango ilipofunga vizuri na gari liliposhika barabara bila kuvuta upande mmoja. Ujuzi huo haukuwa mdogo, wala haupaswi kubezwa leo, kwa kuwa chesisi iliyopinda bado hunyooshwa na mtu anayejua bati linavyorudi linapovutwa.

Mabadiliko hayakuanzia katika gereji za ajali, bali katika moshi wa Los Angeles. Jimbo la California, lililosumbuliwa na hewa chafu tangu Vita Kuu ya Pili, liliunda bodi yake ya kusimamia rasilimali ya hewa mwaka 1967, na masharti ya kupunguza sumu katika moshi wa magari yakawalazimisha watengenezaji kupima mafuta na cheche kwa usahihi ambao kabureta haikuweza kuufikia. Volkswagen ilikwisha kuuza magari yenye mfumo wa Bosch wa kunyunyizia mafuta kwa amri ya umeme kabla ya muongo huo kwisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaweka katika magari yake plagi maalumu ambayo mashine ya karakana iliunganishwa nayo. Injini ikawa na ubongo, yaani kompyuta ndogo inayopokea taarifa kutoka kwa vihisi, ambavyo ni vifaa vya kupima joto, hewa, mzunguko na mengineyo, kisha ikatoa amri. Na kompyuta inayopokea taarifa ina uwezo pia wa kutambua taarifa isiyoeleweka na kuiweka katika kumbukumbu kama msimbo wa hitilafu, ambao mafundi wengi huuita kodi.

Njia ya kwanza ya kuisoma kumbukumbu hiyo haikuhitaji mashine yoyote, na ndiyo sababu ilienea upesi miongoni mwa mafundi wa Afrika Mashariki. Katika magari mengi ya Toyota ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na ya miaka ya 1990 kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko ndani ya boneti, na chini ya kifuniko hicho kuna matundu yenye majina, mawili kati yake yakiwa TE1 na E1. Fundi huyaunganisha matundu hayo kwa kipande cha waya, huwasha swichi bila kuwasha injini, kisha hukaa mbele ya dashibodi akiitazama taa ya injini. Taa ikimweka mfululizo kwa mwendo ule ule, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikimweka mara mbili, ikapumzika, ikamweka tena mara mbili, huo ni msimbo 22, unaohusu kihisi cha joto la maji. Na ikimweka mara moja kisha mara mbili, huo ni msimbo 12, unaoonyesha kwamba kompyuta haipati taarifa ya mzunguko wa injini. Kwa waya mmoja na subira, fundi aliyekuwa mbali na wakala wa kampuni aliweza kujua pa kuanzia, na kwa haki kabisa hatua hiyo inastahili kuhesabiwa kuwa mwanzo wa upimaji wa kielektroniki katika gereji za kawaida za ukanda huu.

Kila kampuni, hata hivyo, ilikuwa na plagi yake na misimbo yake. California iliamuru kwamba kuanzia magari ya mwaka 1988 kompyuta ijikague yenyewe na kumwonyesha dereva taa ya hitilafu, na kufikia mwaka 1996 kila gari dogo jipya lililouzwa Marekani lilitakiwa kufuata awamu ya pili ya utaratibu huo, OBD-II, yenye plagi moja ya pini 16 karibu na usukani. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na ya dizeli baadaye kidogo. Msimbo ukapata herufi mbele yake: P kwa injini na gia, C kwa breki, usukani na mfumo wa chini, B kwa bodi na vilivyomo ndani yake, na U kwa mawasiliano baina ya kompyuta zenyewe. Sheria ilijali moshi, kwa hiyo ililazimisha uwazi katika sehemu ya misimbo ya P tu, na mengi ya yale yanayomhusu fundi wa gari lililogongwa, kama breki, mikanda na mifuko ya hewa, yakabaki katika lugha ya siri ya kila kampuni. Pengo hilo lilipatikana katika uandishi wa sheria za nchi za mbali, lakini gharama yake inalipwa hadi leo na gereji ndogo isiyoweza kununua programu ya kila kampuni.

Kompyuta nazo ziliongezeka. Bosch, iliyoanza kubuni mwaka 1983 njia ya pamoja ya mawasiliano inayoitwa CAN na kuitangaza Detroit mwaka 1986, iliziwezesha kompyuta nyingi kuzungumza kwa jozi moja ya nyaya zilizosokotwa pamoja, badala ya kila kihisi kuwa na waya wake. Faida ilikuwa kubwa, lakini kwa gari lililogongwa ina upande wa pili: waya mmoja uliobanwa nyuma ya bampa unaweza kuzinyamazisha kompyuta kadhaa kwa pamoja, na dereva akaona taa nyingi kwenye dashibodi kwa kosa moja tu. Hata malori hayakusalia nyuma, kwa maana Mercedes-Benz ilipotoa Actros mwaka 1996 ililiwekea lori hilo breki na injini zinazoongozwa kwa umeme, na lori la aina hiyo likipata ajali halitengenezwi kwa spana pekee.

Kilichobadilisha zaidi kazi ya gereji za ajali ni mfuko wa hewa, ambao Mercedes-Benz iliuweka katika magari yake ya kifahari kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ambao Marekani iliulazimisha kwa dereva na abiria wa mbele katika magari madogo yote ya mwaka 1998. Kompyuta ya mfumo huo hupima jinsi gari linavyopunguza mwendo ghafla, huamua kama huo ni mgongano wa kweli, kisha hupeleka umeme kwenye kilipuzi kidogo kinachoujaza mfuko gesi kwa muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde, na pamoja na hilo huikaza mikanda ya viti. Baada ya hapo huandika tukio hilo katika kumbukumbu yake, na katika magari mengi hujifunga isikubali kazi nyingine hadi ibadilishwe au kumbukumbu ifutwe kwa vifaa maalumu. Gari linaweza kunyooshwa bodi likapendeza, likapakwa rangi ya kiwandani, na bado likawa halina ulinzi hata kidogo kwa aliyeketi ndani.

Hapa ndipo udanganyifu mkubwa wa biashara hii ulipozaliwa, na unapaswa kuelezwa bila kuuma maneno. Ili kujua kama mfuko upo, kompyuta hupitisha umeme hafifu sana katika kilipuzi chake na kupima ukinzani, ambao kwa kawaida ni takriban omu 2. Asiye mwaminifu hununua rezista, kijiti cha umeme cha bei ya chini mno chenye ukinzani huo huo, akaifunga kwenye soketi badala ya mfuko, akafunika usukani kwa kifuniko kipya. Taa ya hadhari huzimika, mashine ya kawaida ya kusoma misimbo husema mfumo ni mzima, na mnunuzi huondoka na gari lenye usukani mtupu. Kwa hiyo taa iliyozimika si ushahidi wa matengenezo. Upimaji wa kweli huanza na mashine lakini humalizikia katika kufungua, kuangalia namba ya kifaa na kuhakikisha kwamba kilichosomwa kwenye kioo kipo kweli ndani ya gari.

Rwanda ililipokea tatizo hili kwa njia ya pekee. Nchi hiyo, kama Burundi na Kongo, huendesha upande wa kulia wa barabara, na tangu katikati ya muongo wa 2000 imezuia uingizaji wa magari madogo yenye usukani wa kulia, ambayo ndiyo yanayojaa katika minada ya Japani na katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Wafanyabiashara wakaelekea Ulaya, hasa Ubelgiji, na Falme za Kiarabu, ambako magari ya Japani yalikuwa yakihamishwa usukani kutoka kulia kwenda kushoto kabla ya kuuzwa. Uhamisho huo ni upasuaji wa dashibodi nzima: nyaya hukatwa na kuunganishwa upya, na mara nyingi mfuko wa hewa hupotea humo, hivyo gari huweza kufika Kamembe likiwa na jeraha la kielektroniki ambalo halikutokana na ajali yoyote. Fundi akilipima baada ya kugongwa, hukuta misimbo ya zamani na mipya imechanganyika, na asipopima kabla ya kugusa kitu hawezi kumthibitishia mteja kipi kilitangulia.

Mashine zenyewe zilishuka bei kutokana na kazi ya Wachina wa Shenzhen, ambako kampuni ya Launch ilianzishwa mwaka 1992 na Autel mwaka 2004, na kutokana na vifaa vidogo vinavyotumia ubunifu wa ELM327 wa Kanada, vilivyonakiliwa kwa wingi, ambavyo huchomekwa kwenye plagi ya pini 16 na kutuma habari kwenye simu. Kifaa hicho cha bei nafuu husoma vizuri misimbo ya injini, lakini kwa kawaida hakifiki kwenye mifuko ya hewa wala breki, na fundi wa bodi anayekitegemea peke yake hupata jibu la swali ambalo hakuuliza. Yako pia mambo yasiyohitaji mashine bali nidhamu: kabla ya kuchomelea kwa umeme au kugusa nyaya za mifuko ya hewa, betri hufunguliwa na fundi husubiri, Toyota huagiza angalau sekunde 90, kwa kuwa kompyuta hiyo hubaki na akiba ya umeme ndani yake. Katika magari ya mseto, yanayotumia injini na mota ya umeme na ambayo Toyota iliyaingiza sokoni kwa Prius mwaka 1997, nyaya za rangi ya chungwa hubeba umeme wa kuua, na hizo haziguswi mpaka plagi ya usalama ya betri kubwa iwe imetolewa na dakika zilizoagizwa zimepita.

Mwaka 2016 makampuni kadhaa, yakiwemo Toyota, Honda na General Motors, yalitoa misimamo rasmi nchini Marekani kwamba gari lililogongwa lisomwe kwa mashine kabla ya matengenezo na baada yake, hata kama hakuna taa iliyowaka, kwa sababu misimbo mingi haiwashi taa yoyote. Magari mapya yameongeza haja hiyo kwa kamera zilizo nyuma ya kioo cha mbele na rada zilizo nyuma ya nembo au bampa, ambazo zikipinda kidogo tu huielekeza breki ya dharura mahali pasipo na kitu.

Rwanda kwa upande wake imekwisha kuchukua hatua kadhaa za usalama. Amri ya mwaka 2015 ililazimisha vidhibiti mwendo katika magari ya abiria, vituo vya polisi vya ukaguzi vilivyoanzia Remera, Kigali, vimefika Huye, Musanze na Rwamagana, na mwaka 2025 upimaji wa moshi uliongezwa katika ukaguzi huo. Hatua zote hizo hulinda njia na hewa, lakini gari lililorudi barabarani baada ya ajali linahitaji pia kuulizwa kilichomo katika kumbukumbu yake. Kampuni za bima, ambazo ndizo hulipa sehemu kubwa ya matengenezo haya, zinaombwa kuutambua usomaji wa kwanza na usomaji wa mwisho wa mashine kuwa kazi halali yenye malipo yake, karatasi zake ziambatanishwe na ankara, na fundi wa Kamembe asilazimike kuchagua kati ya kupima kwa hasara yake mwenyewe na kukabidhi ufunguo bila kujua. Naye mwenye gari, kabla ya kulipa, aombe kuonyeshwa karatasi hizo mbili na mifuko iliyowekwa badala ya ile iliyofyatuka.