Upambanuzi wa Kumbukumbu Zinazopishana

Utafiti wa nasaba una kazi moja ngumu kuliko zote: kuamua la kufanya pale kumbukumbu mbili zinapoonekana kumtaja babu mmoja, kisha zikapishana kuhusu yeye alikuwa nani. Daftari la ubatizo lina lake, jalada la kazi lina lake, na wazee wa ukoo wana lao. Neno linalomjia mtu haraka kuitaja kazi hiyo ni usuluhishi. Nadhani neno hilo halifai hapa, na madhara yake si ya lugha peke yake, kwa kuwa linamwelekeza mtafiti kutenda jambo asilopaswa kutenda. Msuluhishi hutafuta mahali ambapo kila upande utaachia kidogo. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ikifanya hivyo kati ya mfanyakazi na mwajiri imetenda haki, maana pande zote mbili ni watu walio hai, wenye uwezo wa kukubali na kusamehe. Daftari haliwezi kusamehe. Kumbukumbu moja ikisema babu alizaliwa 1910 na nyingine 1920, anayeandika 1915 ametunga mwaka ambao hakuna shahidi hata mmoja aliyeutaja.

Neno ninalolipendekeza ni upambanuzi. Kupambanua ni kutofautisha vitu vilivyofanana au kuchanganyika mpaka kila kimoja kijulikane kwa sifa zake, na ndiyo kazi yenyewe. Mpambanuzi huanza kwa kuuliza kama kumbukumbu hizo zinamhusu mtu mmoja au wawili. Huuliza pia ni nani aliyetoa kila taarifa, aliijuaje, aliitoa baada ya muda gani, na alikuwa na haja gani alipoitoa. Atakayenipinga atasema wahasibu wetu wanaandaa usuluhishi wa hesabu za benki kila mwezi na hakuna aliyepotoshwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini mhasibu anajua tangu mwanzo kwamba daftari la fedha na taarifa ya benki vinahusu akaunti moja, hivyo lazima vifikie salio moja. Mtafiti wa nasaba hana uhakika huo. Kama "akaunti" ni moja au mbili ndilo swali analotakiwa kulijibu kwanza.

Mahali pa kuliona hilo waziwazi ni Mgololo, wilayani Mufindi. Kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1980, kikitegemea miti ya shamba la Sao Hill, pamoja na mashamba ya chai ya Mufindi, viliwakusanya watu kutoka Makete, Njombe, Rungwe na kwingineko. Familia iliyotokana na uhamaji huo ina kumbukumbu zilizotawanyika: ubatizo uko kwenye usharika au parokia ya nyumbani, ajira iko kiwandani au shambani, makaburi yako kwingine kabisa. Kinachoonekana kuwa ukinzani mara nyingi ni mipaka tu iliyobadilika. Mtu wa Makete aliyeandikwa mzaliwa wa mkoa wa Iringa, na mwanawe akaandika kwamba baba alizaliwa mkoa wa Njombe, hawajapingana, kwani mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Kabla ya hapo, Mbeya na Iringa zenyewe zilikuwa ndani ya jimbo moja la Nyanda za Juu Kusini wakati wa ukoloni. Mwenye haraka ya kusuluhisha angeifuta taarifa moja, kumbe zote mbili ni za kweli.

Ugumu halisi uko kwenye majina. Mjukuu hurithi jina la babu, na ubatizo humwongezea kila mmoja Petro au Yohana, hadi kijiji kimoja kikawa na wanaume watatu wa jina moja katika vizazi viwili. Kwa upande mwingine, mtu mmoja huweza kuwa na jina la utotoni, la ubatizo, la ukoo, na lile aliloandikisha kazini. Kwa hiyo kufanana kwa majina ni mwanzo wa uchunguzi tu, na kutofautiana kwake hakutoshi kumkataa mtu.

Mkwawa, mtawala wa Uhehe, anatufundisha pande zote mbili. Yeye ndiye Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, wa ukoo wa Mwamuyinga, na anaitwa Quawa katika maandishi kadhaa ya Wajerumani. Tunajua kwamba ni mtu mmoja kwa sababu mashahidi wasiotegemeana wanakutana kwenye matukio yaleyale: ripoti za maadui zake na masimulizi ya Wahehe zote zinamweka nyuma ya ushindi wa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, kuanguka kwa Kalenga mwaka 1894, na kifo cha Mlambalasi mwezi Julai 1898. Hapo majina yamepishana bila kuyumbisha utambulisho. Sasa tazama upande wa pili. Sapi Mkwawa alikuwa mwanawe, na Adam Sapi Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge, alikuwa mjukuu wake. Hati yenye jina Mkwawa pekee haitoshi kutuambia ni yupi kati yao.

Fuvu la Mkwavinyika ni somo kubwa zaidi. Huko Mlambalasi, Sajenti Merkl wa jeshi la Wajerumani aliikuta miili miwili, na kichwa cha mmoja kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo, lakini miaka ikapita bila kupatikana. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda Bremen, kwenye jumba la makumbusho lenye mafuvu yapatayo 2,000, 84 kati yake yakitoka Afrika Mashariki ya Wajerumani. Aliyachuja kwa kulinganisha vipimo na vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, kisha akachagua lililokuwa na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu hilo lilikabidhiwa Kalenga. Heshima iliyotolewa siku ile ni ya haki na inabaki kuwa ya haki. Lakini ushahidi wenyewe ulikuwa mwembamba: vipimo vya kichwa hufanana kwa watu wengi, na tundu la risasi si alama ya mtu mmoja katika nchi iliyopitia vita vingi namna ile. Vigezo hivyo viwili havituonyeshi mikono ambayo fuvu lilipitia kutoka Iringa hadi Bremen. Wanahistoria waliokuja kulitilia shaka hawakuvunja heshima ya Wahehe. Walitaka babu wa watu apambanuliwe kwa uzito anaostahili.

Wapo watakaosema ukali huu unawafaa wenye nyaraka, na kwamba kwetu historia iko vinywani mwa wazee. Mimi naona upambanuzi unawalinda wazee hao. Unalipa simulizi la bibi aliyehudhuria mazishi uzito kuliko fomu iliyojazwa na karani miaka 30 baadaye, kwa sababu swali lake ni nani alijua na alijuaje, bila kujali kama alisema au aliandika. Wengine wataleta kipimo cha vinasaba. Kinasaidia sana, ila kinaonyesha udugu wa damu tu. Hakisemi ni yupi kati ya ndugu wawili aliyebatizwa Petro, wala hakimtambui aliyelelewa na kuingizwa katika ukoo kwa heshima zote.

Inabaki hali ambayo ushahidi hautoshi. Hapo mpambanuzi huwaacha watu wawili wabaki wawili kwenye mti wa ukoo, kila mmoja na kumbukumbu zake, na kando yao anaandika sababu ya kudhani huenda ni mmoja. Kuwaunganisha baadaye, ushahidi ukipatikana, ni kazi ya siku moja. Kuwatenganisha waliounganishwa kimakosa ni kazi ya vizazi, kwa kuwa wake, watoto na wajukuu wa wote wawili watakuwa wamekwisha kuandikwa chini ya jina moja na kunakiliwa katika kila nyumba.