Kano, Sindano na Ushahidi wa Ultrasaundi

Kano yenye afya huonekana kwenye ultrasaundi kama fungu la nyuzi nyeupe, nyembamba, zilizolala sambamba. Kano iliyochakaa hunenepa, nyuzi zake huvurugika na hapa na pale hutokea mabaka meusi. Ilichukua miongo kadhaa tofauti hiyo kuanza kusomeka. Ian Donald na wenzake wa Glasgow, waliochapisha picha za uvimbe wa tumbo mwaka 1958, walianzia kwenye mashine ya kiwandani ya kutafuta nyufa ndani ya chuma, na vifaa vya enzi hiyo viliweza kuonesha mfuko wa maji au kichwa cha mtoto aliye tumboni, si nyuzi za kano. Mwaka 1972 madaktari walitumia mawimbi ya ultrasaundi kutenganisha uvimbe wa maji nyuma ya goti na damu iliyoganda mshipani.

Kano zenyewe zilifikiwa katika miaka ya 1980, vilipopatikana vifaa vya masafa ya juu, ambavyo havipenyi mbali lakini huonesha vitu vidogo vilivyo karibu na ngozi. Mtego ulijitokeza mapema. Bruno Fornage alionya mwaka 1987 kwamba mawimbi yasipoipiga kano kwa pembe ya digrii 90, kano nzima huonekana nyeusi. Mpimaji akiinamisha mkono kidogo tu, mtu mwenye afya anageuzwa mgonjwa. Baadaye kipimo cha Dopla, kinachoonesha mtiririko wa damu, kiliongeza rangi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Umeå, Sweden, wakaonesha vijishipa vipya vya damu ndani ya kano za kisigino zenye maumivu sugu.

Sindano iliyokuja kutumiwa kutibu kano hizo, plazma yenye chembe sahani nyingi, ilitoka kwingine kabisa. Damu ya mgonjwa huzungushwa kwa kasi kwenye mashine hadi ijitenge kwa tabaka, kisha huchukuliwa tabaka lenye chembe sahani, ambazo hubeba vichocheo vya ukuaji. Mwaka 1998 Robert Marx aliitumia kwenye vipandikizi vya mfupa wa taya. Mwaka 2006 Allan Mishra na Terry Pavelko waliidunga kwenye kano za kiwiko: wagonjwa 15 walipata plazma na 5 dawa ya ganzi. Idadi ilikuwa ndogo mno, lakini matokeo yalipendeza, na wanamichezo wa kulipwa hawakusubiri utafiti wa pili.

Jaribio lililotuliza shauku lilifanyika Uholanzi. Robert-Jan de Vos na wenzake waligawa kwa bahati nasibu wagonjwa 54 wa kano ya kisigino: nusu plazma, nusu maji ya chumvi, wote wakipewa mazoezi ya kukaza misuli ya kigimbi. Sindano iliongozwa kwa ultrasaundi, na si mgonjwa wala daktari aliyejua kilichomo. Baada ya wiki 24 hapakuwa na tofauti ya maana, kama ilivyochapishwa mwaka 2010.

Watetezi wangeweza kudai kwamba maumivu huchelewa kupungua hata kano ikiwa inapona. Hoja hiyo ilijibiwa mwaka uliofuata kwa mbinu iliyokuzwa kwanza kwa kano za farasi: kifaa hujisukuma chenyewe juu ya kano, kikipiga picha 600 katika sentimita 12, kisha kompyuta hukadiria mpangilio wa nyuzi. Nyuzi zilikuwa zimejipanga vizuri zaidi katika makundi yote mawili, na plazma haikuyashinda maji ya chumvi. Hata vijishipa vya Dopla havikutofautiana.

Kiwiko kina hesabu yake: jaribio jingine la Kiholanzi la wagonjwa 100, pia la mwaka 2010, liliiona plazma ikiishinda sindano ya kotikosteroidi, ingawa mshindani huyo hufahamika kwa nafuu ya muda mfupi. Kwa kisigino, jaribio la Uingereza la watu 240 lililochapishwa mwaka 2021 lililinganisha plazma na sindano ya kuigiza, na miezi sita baadaye halikupata tofauti. Kliniki nyingi bado hudunga. Ultrasaundi nayo imebaki na kazi zake: kuthibitisha kwamba kano haijachanika na kuiongoza ncha ya sindano. Kwa kuwa mabaka meusi hupatikana pia kwa watu wasio na maumivu yoyote, picha peke yake haitoshi kuamua lini mkimbiaji arudi uwanjani.