Makamu wa Rais: Jina Lililodumu na Madaraka Yaliyobadilika katika Muungano wa Tanzania

Orodha ya Makamu wa Rais wa Tanzania huanza na Sheikh Abeid Amani Karume na kuendelea hadi nyakati zetu kana kwamba wote waliotajwa humo walishika cheo kimoja. Makala hii inadai kuwa sivyo. Neno limebaki pale pale tangu 1964, lakini chini yake cheo kimebadilishwa zaidi ya mara moja, na badiliko la miaka ya tisini liliigusa nafasi ya Zanzibar katika Muungano kuliko jina linavyodokeza.

Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, kwa maana ya mahali pa kusimama, au daraja. Limetoka katika mzizi mmoja na kaimu, yaani asimamaye. Kaimu hushika nafasi kwa muda, ilhali makamu ana nafasi yake mwenyewe hata mkuu wake akiwapo. Kenya ilitumia jina la Makamu wa Rais tangu Jaramogi Oginga Odinga aliposhika cheo hicho mwaka 1964, kisha Katiba ya 2010 ikaleta Naibu wa Rais, anayechaguliwa pamoja na Rais badala ya kuteuliwa naye. Huko cheo kilipobadilika, jina nalo lilibadilika. Tanzania haikufanya hivyo.

Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 ulizaa makamu wawili. Karume, Rais wa Zanzibar, alikuwa Makamu wa Kwanza. Rashidi Kawawa alikuwa Makamu wa Pili na kiongozi wa shughuli za Serikali bungeni. Umakamu wa Karume haukutokana na uteuzi wa hisani. Aliyeiongoza Zanzibar alikuwa na kiti katika Serikali ya Muungano kwa sababu tu aliiongoza Zanzibar. Ndiyo maana, Karume alipouawa tarehe 7 Aprili 1972, Aboud Jumbe alirithi vyeo vyote viwili.

Katiba ya 1977 ilibakiza makamu mmoja. Mwaka 1985 wakarudi wawili, safari hii kwa mpangilio uliogeuka: kwa kuwa Rais Ali Hassan Mwinyi alitoka Zanzibar, Waziri Mkuu Joseph Warioba alikuwa Makamu wa Kwanza, na Rais wa Zanzibar, Idris Abdul Wakil, akawa wa Pili. Pamoja na mabadiliko hayo yote, Rais wa Zanzibar hakukosa kuwa Makamu.

Kilichoukata uzi huo ni mfumo wa vyama vingi uliorejeshwa mwaka 1992. Chini ya chama kimoja, haikuwezekana Rais wa Zanzibar awe mpinzani wa Rais wa Muungano. Chini ya vyama vingi, iliwezekana. Mtu aliyeshindwa na Rais kwa sera angeweza kuingia Ikulu ya Dar es Salaam kama msaidizi wake na, Rais akifariki, kushika nchi kwa tiketi ya chama ambacho wapiga kura wa Muungano hawakukichagua. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Dawa iliyotolewa na marekebisho ya Katiba ya mwaka 1994 ilikuwa mgombea mwenza: Makamu apendekezwe na chama kile kile, achaguliwe katika kura ile ile, na atoke sehemu ya pili ya Muungano.

Hapo ndipo uwakilishi ulipobadilika maana. Kabla ya hapo, Zanzibar iliwakilishwa na serikali yake kupitia mkuu wake. Baada ya hapo, Rais anapotoka Bara, huwakilishwa na Mzanzibari aliyependekezwa na chama cha Rais. Rais wa Zanzibar alibakiwa na ujumbe katika Baraza la Mawaziri, fidia ambayo ni vigumu kuiona kuwa sawa na alichopoteza. Safari ya Dkt. Ali Mohamed Shein inaonyesha mpasuko huo vizuri. Aliteuliwa Makamu mwaka 2001 baada ya Dkt. Omar Ali Juma kufariki akiwa madarakani, na mwaka 2010 akauacha umakamu ili awe Rais wa Zanzibar. Enzi za Jumbe, kushika cheo cha pili kungemletea cha kwanza.

Kwa upande wa urithi wa madaraka, mfumo mpya ulithibitika imara. Rais John Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Siku mbili baadaye Samia Suluhu Hassan aliapishwa, kwa mujibu wa ibara ya 37(5), amalizie muhula uliobaki. Nchini Kenya, mwaka 1978, Daniel arap Moi alikaimu kwanza, kwa ukomo wa siku 90. Samia hakuwa kaimu hata siku moja. Na kwa kuwa Rais sasa alitoka Zanzibar, kanuni ya sehemu mbili ilidai Makamu kutoka Bara: Bunge lilimthibitisha Dkt. Philip Mpango tarehe 30 Machi.

Tangu siku hiyo, hoja kwamba umakamu ni kiti cha Zanzibar haikuweza kutetewa tena, hata kwa mazoea. Na Zanzibar yenyewe, kwa marekebisho ya Katiba yake ya mwaka 2010, ilikuwa imekwisha kufuta cheo cha Waziri Kiongozi na kuweka Makamu wa Kwanza na wa Pili wa Rais wake. Huyo wa Pili ndiye anayeongoza shughuli za Serikali katika Baraza la Wawakilishi, kazi iliyo karibu sana na ile aliyopewa Kawawa bungeni mwaka 1964.