Kuzuru Watamu: Jua upepo na maji kabla ya kukata tiketi

MTALII anayefika Watamu mwezi wa Juni akitarajia kuona samaki wa rangi chini ya bahari huenda akarudi nyumbani bila kuona zaidi ya povu. Wakati huo upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, mawimbi hutibua mchanga, na maji yanayometameta katika picha za mahoteli hugeuka kuwa na ukungu. Msimu wa kuzamia huanza Oktoba na kuendelea hadi Machi au Aprili, kaskazi inapotuliza bahari.

Mji huu mdogo wa Kaunti ya Kilifi uko zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa. Anayetoka Nairobi kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, hushuka Mombasa na kufuata barabara ya Malindi hadi Gede, kisha hukata kulia kuelekea pwani. Anayependa ndege hutua Malindi.

Kinachowavuta wageni kiko umbali mfupi kutoka ufuoni. Hifadhi ya Bahari ya Watamu ilitengwa mwaka wa 1968 pamoja na ile ya Malindi, nazo ni miongoni mwa hifadhi kongwe zaidi za baharini barani Afrika. Mwaka wa 1979 shirika la UNESCO liliitambua sehemu hiyo kuwa hifadhi ya viumbe hai. Ndani ya hifadhi ya Watamu, yenye ukubwa wa kilomita 10 za mraba, ni marufuku kuvua samaki, hata kwa mshipi, au kuokota kombe. Ndiyo maana changu, pono na chewa humkaribia mwogeleaji bila woga. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ndilo msimamizi, na hutoza ada ya kiingilio ambayo hutofautiana baina ya raia na mgeni.

Asiyejua kuzamia hahitaji zaidi ya miwani, mrija wa kupumulia na mashua ya kumfikisha kwenye bustani za matumbawe. Muhimu ni kumuuliza nahodha saa ya maji kupwa kabla ya kuafikiana naye bei. Maji yakiwa yamepwa kiasi, mwamba wa nje huzuia mawimbi na bahari hutulia kama bwawa. Lakini siku za bamvua, tofauti ya kupwa na kujaa katika pwani ya Kenya hukaribia mita nne, na maji yakipwa kabisa matumbawe huwa karibu mno na tumbo la mwogeleaji. Saa hiyo ni afadhali kubaki mchangani.

Wanaozamia na mitungi ya hewa hupelekwa nje ya mwamba. Cheti cha kwanza humruhusu mtu kushuka hadi mita 18, na anayejaribu kwa mara ya kwanza akiwa na mwalimu haruhusiwi kupita mita 12. Hapa lipo jambo ambalo wageni wa wikendi hulipuuza. Mtu aliyezamia mara kadhaa hushauriwa asubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, ili naitrojeni iliyomwingia mwilini itoke polepole. Aliyezamia Jumapili asubuhi asirejee Nairobi jioni hiyo, hata kwa basi au treni, kwa kuwa jiji hilo liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maumivu ya viungo na hata kupooza vyaweza kumpata njiani, mbali na matibabu yanayofaa.

Matumbawe nayo yana masharti yake. Wengi huyadhania kuwa mawe, kumbe ni wanyama wadogo waliojijengea makao ya chokaa, na baadhi hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Joto la bahari la mwaka wa 1998, wakati wa El Nino, liliyageuza kuwa meupe na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Joto la aina hiyo limerudi tangu wakati huo, likiwemo lile la mwaka wa 2024. Mgeni hawezi kupoza bahari, ila anaweza kuacha kukanyaga yaliyosalia. Asiyeweza kuelea avae jaketi la kuokolea maisha badala ya kusimama juu ya mwamba. Fulana ya mikono mirefu nayo humkinga dhidi ya jua bila kumwaga mafuta majini.

Vilevile, nahodha anayerusha mkate ili samaki wakusanyike hamfanyii mteja hisani. Samaki kadhaa kazi yao ni kula mwani, ambao ukiachwa husonga matumbawe.

Aliye na likizo ya Julai au Agosti pekee asikate tamaa. Nyangumi wenye nundu hupita nje ya Watamu kati ya Julai na Septemba, na mashua huenda kuwatazama bahari ikiruhusu. Siku ikichafuka, magofu ya Gede, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2024, yako karibu, na mikoko ya Mida hupitika kwa mtumbwi maji yakijaa.