Mayberry na Dodge City: Mandhari Yanapoficha

Aghalabu, msomaji mpendwa, ukiulizwa swali la mandhari hutaja mahali na wakati, kisha ukaweka kalamu chini. Hebu tutazame michezo miwili ya televisheni ya Marekani.

Mchezo wa Gunsmoke ulionyeshwa na CBS tangu 1955 hadi 1975, vipindi 635. Mandhari yake ni mji wa Dodge City, Kansas, karne ya 19, ambako marshali Matt Dillon hutatua migogoro kwa bastola. The Andy Griffith Show (1960–1968) ni ucheshi wa mji mdogo wa kubuni, Mayberry, North Carolina. Sherifu Andy Taylor hutembea bila bunduki, naye msaidizi wake Barney Fife ameruhusiwa risasi moja tu, tena akae nayo mfukoni. (Kinaya kilioje!)

Sasa tazama lisilosemwa. Tarehe 1 Februari 1960, mjini Greensboro, katika jimbo lilo hilo, wanafunzi wanne Weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula iliyotengewa Wazungu, wakakataa kuondoka. Mayberry ilianza kuonyeshwa Oktoba mwaka huo. Katika vipindi vyake 249 ni nadra mno Mweusi kupewa neno la kusema. Mtahiniwa akiandika "mandhari ni ya amani", mwulize: amani ya nani?

Uteuzi mwingine haukuwa wa watunzi. Mwaka 1971 CBS ilifuta michezo ya mashambani, ukiwemo Mayberry R.F.D., uliokuwa bado na watazamaji wengi, kwa kuwa wenye matangazo ya biashara walitaka vijana wa mijini.