Bangi ile ile, hatua tofauti: Waaborijini na onyo la polisi New South Wales

Katika jimbo la New South Wales, Australia, mtu mzima anayekutwa na bangi isiyozidi gramu 15 kwa matumizi yake mwenyewe anaweza kupewa onyo rasmi na polisi badala ya kufikishwa mahakamani. Utaratibu huo ulianza mwaka 2000. Anayeonywa hafunguliwi mashtaka, na huelezwa mahali pa kupata ushauri.

Onyo hilo, hata hivyo, si haki ya mtuhumiwa. Hutolewa kwa hiari ya askari. Takwimu za polisi za miaka 2013 hadi 2017, zilizofichuliwa mwaka 2020, zilionesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya Waaborijini waliokutwa na kiasi kidogo cha bangi walipelekwa mahakamani. Kwa watu wengine, kiwango kilikuwa takriban asilimia 52.

Sehemu ya tofauti hiyo imejificha katika masharti yenyewe, ambayo hayataji kabila wala rangi. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa makosa ya dawa za kulevya, ya ukatili au ya kingono hakustahili onyo. Jamii inayopekuliwa mara kwa mara huandikiwa makosa mapema, tangu ujana, na kumbukumbu hiyo humfungia mtu mlango miaka mingi baadaye. Tena, anayetaka onyo sharti akiri kosa. Wakili, kwa upande wake, humshauri mteja asiseme neno mbele ya polisi. Anayefuata ushauri huo huikosa nafasi ya kuonywa. Ni mtego usiohitaji askari mwenye chuki ili umnase mtu.

Tume ya kifalme iliyochunguza vifo vya Waaborijini kizuizini ilipendekeza mwaka 1991 kwamba kifungo kiwe hatua ya mwisho kabisa. Leo jamii za wenyeji wa asili, ambazo ni chini ya asilimia 4 ya watu wote nchini, hutoa takriban theluthi moja ya wafungwa.

Mwaka 2024 jimbo hilo liliongeza utaratibu kwa dawa nyingine za kulevya: mtu aliyekutwa na kiasi kidogo hutozwa faini ya dola 400, isiyozidi mara mbili, na faini hufutwa akikamilisha ushauri wa kiafya. Hapo pia, anayeamua nani atozwe faini na nani ashtakiwe ni askari.